Upanga Mrefu kwa Mfuko Mfupi: Kutoka Nagoya hadi Kagoshima

Mtu ashukaye katika stesheni ya Jingu-mae, mjini Nagoya, hana haja kubwa ya kuuliza njia. Karibu na hapo, katikati ya mji wa viwanda na magari, umesimama msitu wa miti mirefu, na ndani ya msitu huo limo hekalu la Atsuta, mojawapo ya mahali patakatifu kabisa katika dini ya jadi ya Wajapani. Miti iliyo mikubwa kupita yote ni mikafuri, na mmoja wao husemwa kuwa umeishi zaidi ya miaka elfu moja. Katika uwanja wa hekalu hilo, tangu mwaka 2021, pana jumba la maonyesho liitwalo Kusanagi-kan, lililojengwa kwa ajili ya panga. Humo umo upanga uitwao Tarotachi.

Chuma chake peke yake, bila ya mpini, kinapita urefu wa mita 2. Ukiongeza na mpini, basi ni mrefu kuliko milango ya nyumba zetu nyingi. Jadi husimulia kwamba ulikuwa mali ya Makara Naotaka, shujaa aliyeutumikia ukoo wa Asakura na kufa katika mapigano ya mto Anegawa mwaka 1570. Mwenziwe, Jirotachi, ni mfupi kuliko huo, lakini naye si wa kubebwa na mtu mzembe. Jumba hilo lina pia nakala ambayo mgeni huruhusiwa kuipima kwa mikono yake, na hapo ndipo mzaha unapokwisha. Mtu mwenye miraba minne huikamata kwa kicheko, na kicheko hicho hukoma pale ncha inapokataa kupanda.

Akina mama waliowahi kutwanga wataelewa upesi kuliko sisi wanaume. Mchi uleule ulio mwepesi ukiushika katikati huwa mzito ukiushika mwishoni. Ndivyo ilivyo kwa upanga mrefu: uzito wake hauko katika kilo tu, bali uko katika umbali baina ya mkono na ncha. Upanga wa kilo 1 na nusu uliorefushwa kwa kiasi cha kiganja huweza kumchosha mtu kuliko alivyotazamia, nao humwadhibu kwanza mabegani, kisha kiunoni, na mwisho katika viwiko.

Panga za namna hii Wajapani huziita odachi, maana yake upanga mkubwa, au nodachi, yaani upanga wa kutumika uwandani. Nasi leo hatuzungumzi habari za kuzitazama kiooni. Yuko mtu, pengine ni askari, pengine ni mwalimu wa mazoezi, ambaye mshahara wake una mwisho na watoto wake wanataka karo. Ameupenda mchezo wa upanga na anataka ulio mrefu kuliko wa kawaida kwa ajili ya mazoezi. Hataki kuutundika ukutani. Anataka kuuchomoa katika ala na kuurudisha mara mia kila jioni. Aupate wapi kwa bei anayoimudu, na bila ya kumkata sikio mwenziwe?

Yafaa kwanza tujue vipimo. Wajapani hupima upanga kwa shaku na sun. Shaku moja ni sentimita 30 na kidogo, na sun ni sehemu moja ya kumi ya shaku. Hupima kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi pale chuma kinapoanza kuingia katika mpini. Mpini wenyewe hauhesabiwi. Upanga wa kawaida wa mazoezi huwa na shaku 2 na sun 3 au zaidi kidogo, yaani kama sentimita 70. Ukifika shaku 3, sentimita 91 hivi, umeingia katika ukoo wa odachi. Mnunuzi asiyejua jambo hili huambiwa upanga una mita moja na robo, akafurahi, kumbe amehesabiwa mpini na mapambo pamoja.

Wala wapendao urefu huo si wapenda makuu tu. Huko kaskazini, katika mji wa Murayama wa mkoa wa Yamagata, pana hekalu la kumkumbuka Hayashizaki Jinsuke, aliyeishi katika karne ya 16 na ambaye huheshimiwa kuwa baba wa mchezo wa kuchomoa upanga, uitwao iai. Shule mojawapo inayojinasibisha naye hufundisha kwa upanga wa shaku 3 na sun 3, karibu mita 1 kamili, unaochomolewa na mtu aliyepiga magoti. Mkono wa binadamu hautoshi kuuvuta upanga huo nje ya ala yake. Lazima nyonga izunguke, bega la kushoto lirudi nyuma, na ala nayo ivutwe kinyume. Urefu, basi, ni mwalimu: mwenye kutegemea mkono peke yake hukwama nusu ya njia, na kila mtu humwona.

Kwa nini lakini upanga mrefu wa kale ni adimu na ghali? Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha, katika karne ya 17, watawala wa Japani waliweka mipaka ya urefu wa panga ambazo watu wangeweza kuzivaa. Panga nyingi ndefu zikapelekwa kwa wahunzi zikafupishwa. Hazikukatwa nchani, kwa kuwa ncha ndiyo uhai wa upanga. Zilikatwa upande wa mpini, na mara nyingi jina la mhunzi lililochongwa hapo likaenda na kipande kilichotupwa. Zile zilizosalimika ni zile zilizotolewa wakfu mahekaluni, kama katika kisiwa cha Omishima, ambako hekalu la Oyamazumi limehifadhi silaha na deraya nyingi ajabu, zikiwamo odachi za karne ya 14. Hizo haziuzwi.

Kuagiza mpya kwa mhunzi ni jambo jingine. Sheria ya silaha ya mwaka 1958 inataka kila upanga wa kweli uandikishwe kuwa kazi ya sanaa, na mhunzi awe na leseni, ambayo huipata baada ya kumtumikia fundi kwa miaka isiyopungua 5. Tena haruhusiwi kufua panga ndefu zaidi ya mbili kwa mwezi. Ongeza hapo kwamba fundi wa kunoa na kung'arisha hutoza kwa kila sun ya urefu, hivyo kila kidole kinachozidi kina bei yake. Upanga mpya wa kawaida kutoka kwa mhunzi mwenye sifa huweza kupita yen milioni 1. Ule mrefu sitaki hata kuutaja mbele ya mama watoto.

Kwa hiyo msafiri mwenye mfuko mfupi huiacha Nagoya akaelekea kaskazini hadi Seki, mji wa mkoa wa Gifu ulio kando ya mto Nagara. Wahunzi walikaa hapo tangu zaidi ya miaka 700 iliyopita, wakivutwa na udongo mzuri, makaa ya misonobari na maji ya mto. Waliwafulia wapiganaji panga zilizosifiwa kwa kutokuvunjika wala kupinda upesi. Kisha, mwaka 1876, serikali mpya ikapiga marufuku kuvaa panga hadharani, na mji mzima ukatazamana na njaa. Wahunzi hawakulia muda mrefu. Waligeukia visu vya jikoni, mikasi na nyembe, na leo Seki hutajwa pamoja na Solingen ya Ujerumani na Sheffield ya Uingereza. Msomaji anayenyoa ndevu huenda amekwisha kukutana na kazi ya Seki bila ya kujua. Kila mwaka hufanywa maonyesho makubwa ya vyombo vya makali, barabara hujaa meza za wauzaji, na akina mama huja kutoka mbali kutafuta visu kwa bei nafuu. Mji una pia jumba la kuhifadhi kazi za wahunzi, ambako siku maalumu watu huonyeshwa chuma chekundu kikipigwa nyundo na wahunzi watatu kwa zamu, cheche zikiruka hadi miguuni.

Lakini upanga wa mazoezi hautoki katika tanuri hilo. Unaitwa iaito, nao hutengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki na alumini uliomiminwa katika kalibu, ukasuguliwa, kisha ukapakwa kromu ili ung'ae kama chuma cha pua. Hauna makali, na hata ukiunoa hautashika makali. Sumaku haiukamati, na kwa sababu hiyo sheria ya Japani haiutaki uandikishwe. Mpini wake hufungwa kwa uzi juu ya ngozi ya taa, samaki yule wa baharini, na ala yake hupakwa rangi kwa uangalifu, kiasi kwamba mtu wa kawaida akiwa hatua tano hawezi kuutofautisha na upanga wa kweli. Bei ya ule wa kawaida ni makumi ya maelfu ya yen.

Ule mrefu ndio wenye shida. Panga nyingi za aina hii zilizo tayari madukani huishia shaku 2 na sun 6 hivi. Anayetaka zaidi huagiza, hulipa nyongeza, na husubiri kwa miezi. Tena mchanganyiko huo si imara kama chuma cha pua. Kadiri upanga unavyorefuka ndivyo unavyozidi kulemea msuka wake, yaani ule mkia unaoingia ndani ya mpini, na hapo ndipo panga hukatikia. Fundi mwaminifu atakuuliza kimo chako, shule yako, na kazi unayoitaka. Na ukimwambia kuwa utapiga nao kitu chochote, hata mwanzi mbichi, atakataa kukuuzia, naye atakuwa amekuokoa. Iaito ni ya kukata hewa tu.

Wapo wafanyabiashara wengine wasiouliza lolote. Katika miji mingi ya dunia huuzwa panga kubwa za mapambo kwa bei ya viatu. Chuma chake ni kile kisichoshika kutu, kizuri kwa vijiko na sufuria, lakini kikiwa kirefu namna hiyo huwa rahisi kukatika. Na ubaya wake mkubwa umefichwa ndani ya mpini: msuka ni kijiti chembamba kilichochomelewa na kufungwa kwa nati. Mtu akiuzungusha kwa nguvu, kichomeleo huachia, na chuma chenye ncha hupaa chumbani kama mkuki usio na mwenyewe. Aliyesimama nyuma hakuagiza upanga wowote, lakini ndiye atakayeletewa. Nasema wazi kwamba bidhaa hiyo si rahisi hata ikitolewa bure.

Katikati ya mambo hayo mawili ziko panga za chuma cha kaboni kutoka Uchina, hasa mji wa Longquan katika mkoa wa Zhejiang, ambao sifa yake ya kufua panga ni ya kale mno. Wahunzi wa huko hufua pia odachi kwa mtindo wa kijapani, kwa sehemu ndogo ya bei ya Japani. Baadhi ni nzuri, baadhi ni za kubahatisha. Anayetaka ya huko na atazame mambo haya kabla ya jingine lolote: msuka uwe mpana na mrefu, ufike zaidi ya nusu ya mpini, vigingi vinavyoushika viwe vya mwanzi mkavu, na kwa upanga mrefu viwe viwili, na mpini usitikisike hata chembe. Lakini afahamu kwamba upanga huo una makali ya kuondoa vidole, na kwamba Japani yenyewe hairuhusu mtu kuuingiza nchini humo. Kwingineko sheria hutofautiana, hivyo swali la kwanza liulizwe kituo cha polisi na forodha, si kwa muuzaji. Ni aibu kwa mwenye sare kuitwa bandarini kueleza kifurushi chake.

Mimi binafsi ningemshauri mtu wetu yule asinunue kwanza, bali apande treni ya kwenda kusini, mpaka kisiwa cha Kyushu, hadi mji wa Miyakonojo katika mkoa wa Miyazaki. Nchi ya huko ilikuwa zamani chini ya ukoo wa Shimazu, watawala wa Satsuma. Hapo hutengenezwa pinde ndefu za mianzi, na hapo hutoka sehemu kubwa sana ya panga za mbao zinazotumika katika Japani nzima. Mbao zenyewe ni za mialoni ya huko, mwekundu na mweupe, zilizokaushwa kwa muda mrefu kabla ya kuguswa na randa, maana ubao mbichi hupinda baadaye. Fundi huchagua kipande ambacho nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka mpini hadi ncha. Nyuzi zikikata upande, upanga utapasuka siku moja. Mnunuzi na augeuze, atazame kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, ahakikishe haukupinda.

Upanga wa mbao wa kawaida huuzwa kwa elfu chache za yen. Wa shaku 3 na zaidi huagizwa, lakini nyongeza yake ni ya ubao na kazi ya siku, si ya mwaka. Hauhitaji leseni ya mhunzi, haushiki kutu, wala hauna msuka wa kukatika, kwa kuwa mpini na upanga ni mti mmoja. Upungufu wake ni kwamba hauna ala, basi hauwezi kumfundisha mtu kuchomoa. Bali yote mengine humfundisha: kuinua, kushusha, kusimamisha ncha isitikisike, na kutambua bega gani linadanganya.

Atakayeona kwamba mti ni kitu duni na aendelee kidogo hadi Kagoshima, mji unaotazamana na mlima wa moto wa Sakurajima, ambao majivu yake huangukia nguo zilizoanikwa. Satsuma ya zamani ilikuwa na askari wengi wa daraja la chini, wengi wao wakulima wenye panga, maskini kama watu wengine. Miongoni mwao ilienea shule iitwayo Nodachi Jigen-ryu, ambayo jina lake lenyewe limebeba ule upanga mkubwa wa uwandani. Na silaha yake ya mazoezi ni ipi? Ni fimbo. Si fimbo iliyochongwa ikawa na umbo la upanga, bali tawi gumu lililokatwa, likaachwa likauke, magamba yake yakiwa yangali juu yake. Mwanafunzi huja mbio akipiga ukelele, akalishusha tawi hilo juu ya fungu la miti lililolazwa mbele yake, akarudia tena na tena mpaka sauti inakauka. Shule jirani yake, Jigen-ryu, hupiga nguzo iliyosimikwa ardhini, na jadi yake hutaja mapigo 3,000 asubuhi na 8,000 jioni. Hesabu hiyo hata nusu yake ingetosha kumvunja mtu asiyezoea.

Wasomaji wetu wa jeshi la polisi watapenda kujua kilichofuata. Mwaka 1877, wapiganaji wa Satsuma walipoasi dhidi ya serikali ya Tokyo, walizuia njia ya kilima cha Tabaruzaka katika mkoa wa Kumamoto. Askari wapya wa serikali walikuwa na bunduki, lakini mvua, ukungu na vichaka viliwaleta watu uso kwa uso, na pale mashambulizi ya panga ya wale watu wa fimbo yaliwatia hofu kubwa. Serikali ikachagua polisi waliojua upanga, ikaunda kikosi kiitwacho Battotai na kukipeleka mbele. Kilima kikatwaliwa baada ya siku nyingi za umwagaji damu. Tangu enzi hizo polisi wa Japani hawakuuacha mchezo wa upanga, na hata leo hufanya mazoezi ya kendo, wakitumia fito za mianzi.

Yabaki mambo ya nyumbani. Kabla ya kuagiza urefu wowote, mtu asimame mahali anapokusudia kufanyia mazoezi, ashike ufito wa kimo kile, auinue juu ya kichwa polepole. Ukigusa dari, taa au kamba ya nguo, mazoezi ni ya uwanjani, au urefu upunguzwe. Nyuma yake pabaki nafasi tupu ya hatua nne, na watoto wafundishwe kwamba hawapiti hapo hata wakiitwa chakula. Upanga wa mbao usiachwe juani wala usiegemezwe ukutani kwa miezi, kwa maana utapinda. Ulazwe, na mara moja moja upakwe mafuta kidogo kwa kitambaa. Iaito haitaki kunolewa, bali vigingi vyake vya mwanzi vitazamwe kila kabla ya mazoezi, na kilichosinyaa kitolewe siku ileile. Kama ni upanga wa chuma wenye makali, huo ukae ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo uwe kwa mtu mzima mmoja, anayejulikana.

Na anayeanza na ubao wa shaku 3 ahesabu mapigo 50 kwa siku katika mwezi wa kwanza, si zaidi, hata akijiona ana nguvu za fahali. Viwiko havitoi taarifa mapema.